Kufungua shule ya chata Minnesota: vibali vya jengo, tangu kutafuta mahali hadi watoto kuingia

Jumamosi moja ya Februari tulikaa watu kumi na wawili katika beismenti ya kanisa, yaani ghorofa iliyo chini ya ardhi, kaskazini mwa Minneapolis, chai ya maziwa ikiwa kwenye thamosi na theluji ikiyeyuka chini ya viatu vyetu. Wiki hiyohiyo tulikuwa tumekubaliwa kufungua shule. Mwenyekiti akasimama, akazungusha mkono kutuonyesha chumba tulichokaa: "Shule si hii hapa? Madarasa yapo, vyoo vipo, jiko lipo. Septemba tunafungua." Tukapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amepiga simu jijini.

Beismenti ile haikuwa shule hata siku moja. Tulipoteza miezi mitano na pesa za harambee mbili kabla ya kukubali. Tangu hapo nimekaa na vikundi vingine vya Wakenya, Wakongomani na Watanzania wanaotaka kufungua shule huku, na karibu wote huanza palepale tulipoanza sisi: wanadhani wakishapata chata wamemaliza. Chata ni karatasi ya jimbo. Inakuruhusu kufundisha na kupokea pesa za serikali kwa kila mtoto. Kuhusu kuta, milango, vyoo na maegesho haisemi neno. Hayo ni ya jiji, na watu wa jiji hawajui kuwa umepata chata, wala hawajali.

Kwa anayesikia neno hili mara ya kwanza: shule ya chata ni shule ya umma inayoendeshwa na bodi yake yenyewe badala ya wilaya ya elimu. Haitozi karo, haifanyi mtihani wa kuingia, haifundishi dini, na watoto wakizidi nafasi hupigwa kura ya bahati nasibu. Minnesota ndiyo iliyotunga sheria ya kwanza ya namna hii Marekani, mwaka 1991, na City Academy ya St. Paul ikafungua milango mwaka 1992. Unaunda shirika lisilo la faida, unatafuta mwidhinishaji (chuo, wilaya ya elimu au shirika la hisani lililokubaliwa na kamishna wa elimu), naye ndiye anayekupeleka kwa kamishna. Hati yake ya kiapo inatakiwa ifike miezi 14 kabla ya Julai 1 ya mwaka wa kufungua. Ukitaka kufungua Septemba 2028, hati iwe imefika ifikapo Mei 1, 2027. Muda unaobaki ndio wa kushughulikia jengo, nao ni mfupi kuliko unavyoonekana kwenye kalenda.

Ninachoeleza ni cha Minnesota. Aliye Ohio, Texas au Arizona ataona majina ya ofisi na tarehe vikibadilika, lakini mpangilio wa hatua utamfaa.

Hatua ya kwanza: nenda jijini kabla ya kwenda kwa dalali

Kila kiwanja huku kimepangiwa matumizi. Jiji limegawa ardhi yake katika kanda: makazi, biashara, viwanda, mchanganyiko, na kila kanda ina orodha ya yanayoruhusiwa ndani yake. Majiji mengi yana ramani mtandaoni. Unaandika anwani, inakutolea herufi na tarakimu za ukanda. Kisha unafungua kanuni za jiji na kutafuta neno shule, la watoto wa chekechea hadi darasa la kumi na mbili. Usichanganye na chuo cha ufundi wala kituo cha kulea watoto. Hayo huwa na mistari yake.

Majibu ni matatu. Shule inaruhusiwa moja kwa moja: shukuru Mungu, ruka hadi hatua ya pili. Inaruhusiwa kwa masharti: utahitaji kibali cha matumizi yenye masharti, na hatua ya nne inakuhusu. Hairuhusiwi: tafuta jengo lingine. Najua atatokea mtu kwenye kamati atakayesema tuombe ukanda ubadilishwe. Inawezekana, ila kikundi chenye miezi kumi na miwili na akaunti isiyo na kitu hakina uwezo wa kusubiri baraza libadilishe ramani yake. Mabohari ya ukanda wa viwanda ndiyo yanayowanasa watu, maana pango lake ni rahisi na nafasi ni kubwa.

Baada ya ramani, omba kukutana na afisa mipango miji kabla ya kupeleka maombi. Majiji mengi hutoa kikao hicho bure, na mara nyingi mkaguzi wa majengo na mtu wa zimamoto nao hukaa mezani. Hapo ndipo unapata saa moja ya ushauri ambayo msanifu angekutoza. Nenda na anwani, mchoro wa sakafu hata wa mkono, idadi ya watoto mwaka wa kwanza na idadi utakayofikia shule ikijaa, saa za kuingia na kutoka, na watakavyofika: kwa basi, kwa magari ya wazazi au kwa miguu. Uliza jengo limesajiliwa kwa matumizi gani leo na nini kitahitajika ili liwe shule. Uliza pia kama kuna vibali vya zamani vinavyolibana.

Ukitoka, siku hiyohiyo waandikie barua pepe: "Asante kwa kikao. Tumeelewa kwamba..." kisha orodhesha. Sisi tuliambiwa kwa mdomo kwenye kaunta kwamba "haitakuwa na shida". Miezi mitatu baadaye aliyesema hivyo alikuwa amehamia kazi nyingine, na hatukuwa na hata mstari mmoja wa maandishi.

Hatua ya pili: mjue mwenye jengo, na usisaini bila mlango wa kutokea

Sheria ya chata ya jimbo, sura ya 124E, inataja nani anaweza kuipangisha shule ya chata. Anayekupangisha lazima awe ndiye mwenye jengo. Yule mpangaji wa ghorofa mbili anayetaka kukuachia moja kwa bei nafuu hafai, hata awe mjomba wako. Na mwenye jengo akiwa mjumbe wa bodi yenu au jamaa yake, simameni kwanza mwone mwanasheria, kwa sababu sheria imefunga sehemu kubwa ya mikataba ya namna hiyo.

Kisha kuna hili la makanisa na misikiti, ambalo ndilo lililotuangusha. Taasisi ya dini inaruhusiwa kuipangisha shule ya chata, lakini kwa sharti kwamba sehemu hiyo ilijengwa kuwa shule. Parokia iliyokuwa na shule ikaifunga, jengo likabaki na madarasa yake, hiyo ni lulu. Ukumbi wa kanisa uliogawanywa kwa mbao laini ili watoto wasome Biblia Jumapili si shule, na jimbo halitakubali mkataba wake. Tulikuwa na mchungaji mwenye roho safi aliyetaka kutusaidia kwa moyo wote. Hakuna chochote ambacho angeweza kufanya.

Mkataba wa pango hukaguliwa na idara ya elimu ya jimbo kwa sababu jimbo husaidia kulipa. Fanya hesabu hii kabla ya kupenda jengo. Msaada wa pango ni asilimia 90 ya pango lililokubaliwa au dola 1,314 kwa kila kizio cha mwanafunzi, kile kilicho kidogo. Mtoto wa shule ya msingi ni kizio kimoja, wa darasa la saba hadi la kumi na mbili ni 1.2. Chukua shule ya msingi ya watoto 120 yenye pango la dola 200,000 kwa mwaka. Asilimia 90 ni 180,000, lakini 1,314 mara 120 ni 157,680, kwa hiyo unapata 157,680 na 42,320 zinatoka kwenye pesa za walimu na vitabu. Wakija watoto 90 badala ya 120, msaada unashuka hadi 118,260 na pango halishuki hata senti. Jengo kubwa linalovutia siku ya kwanza linaweza kuifunga shule kabla ya mwaka wa pili kuisha.

Mkataba wenyewe uwe na kifungu kinachosema hivi kwa lugha ya mwanasheria: tusipopata kibali cha ukanda, kibali cha ujenzi na cheti cha kutumia jengo ifikapo tarehe fulani, mkataba unakufa na amana yetu inarudi. Mwenye jengo atanuna. Mwambie bila kifungu hicho unauziwa mbuzi kwenye gunia. Anayekataa katakata mara nyingi anajua kitu kuhusu jengo lake ambacho wewe hukijui. Kingine cha kuandika ni nani analipia nini: paa, tanuri la kupasha joto, ngazi za nje, na marekebisho yatakayoamriwa na jiji. Neno "marekebisho yatakayoamriwa na jiji" ndilo ghali kuliko yote katika karatasi hiyo.

Hatua ya tatu: msanifu apite jengoni kabla ya saini

Kanuni za ujenzi huweka majengo katika makundi kwa matumizi yake. Ofisi iko kundi moja, duka jingine, ukumbi wa mikutano jingine, na shule ina lake. Vyumba vidogo vya shule ya Jumapili huhesabiwa pamoja na kanisa lenyewe kama mahali pa mkutano. Kwa hiyo hata pale unapoona viti vidogo na ubao ukutani, kwa macho ya mkaguzi hapo hapajawahi kuwa shule. Kuhamisha jengo kutoka kundi moja kwenda jingine ni badiliko la matumizi, nalo huamsha kanuni ambazo zilikuwa zimelala: njia za kutokea, kengele za moto, upana wa korido, choo cha anayetumia kiti cha magurudumu, wakati mwingine hata hewa inayoingia darasani.

Lipa msanifu majengo mwenye leseni ya jimbo apite jengoni saa mbili na kuandika ukurasa mmoja. Ni pesa, ndiyo. Sisi hatukulipa mara ya kwanza, tukalipa mara ya pili, na mara ya pili alisimama katikati ya jengo jipya tulilolipenda akaangalia dari, akaangalia sakafu, akauliza, "Hivi vigae mmevipima?" Vilikuwa vigae vya kijivu vya inchi 9 kwa 9, vimepauka, viwili vimevunjika pembeni ya mlango. Mtu aliyezoea majengo ya zamani huku akiona kipimo hicho cha vigae huwazia asbesto papo hapo, yale madini ya nyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Nitarudi huko.

Mengine anayoyatazama ni haya. Darasani kanuni huhesabu futi 20 za mraba kwa mtu mmoja, kwa hiyo chumba cha futi 600 ni cha watu 30, mwalimu akiwemo. Chumba kikihesabiwa kuwa na watu 50 au zaidi kinataka milango miwili iliyo mbali, inayofunguka kwa nje, yenye komeo la kusukuma kwa mwili. Mfumo wa kunyunyizia maji darini ndio unaovunja bajeti nyingi: ukubwa wa eneo huamua, na watoto wakisomea chini ya usawa wa ardhi suala hilo huja haraka. Beismenti yetu ya kanisa ilikuwa na ngazi moja nyembamba na dirisha ambalo mtu mzima asingepita. Sikuhitaji kuwa mhandisi kuelewa hilo baada ya kuonyeshwa. Niliona aibu kwamba nilinywa chai mle ndani wiki nyingi bila kujiuliza watoto sitini watatokea wapi.

Jengo la ghorofa bila lifti lijadiliwe mapema. Shule ya umma inampokea mtoto yeyote aliyepata nafasi kwenye kura, na sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 haitambui jibu la "bado hatujapata mtoto wa namna hiyo".

Hatua ya nne: kibali cha matumizi yenye masharti, na majirani

Ukiwa na jengo linalowezekana na mkataba wenye mlango wa kutokea, peleka maombi jijini: fomu, ada, mchoro wa kiwanja, mchoro wa sakafu, barua ya kueleza shughuli. Ada hutofautiana sana kati ya jiji na jiji. Itazame kwenye jedwali la ada la jiji lenyewe wala usimwulize rafiki aliye mji mwingine.

Sheria ya Minnesota inakulinda katika jambo moja ambalo wengi hawalijui. Jiji likipokea maombi ya maandishi yaliyokamilika yahusuyo ukanda, lina siku 60 za kukubali au kukataa. Likinyamaza, yamekubaliwa. Linaweza kujiongezea siku 60 nyingine kwa kukuandikia kabla za kwanza hazijaisha, na kwa kawaida hujiongezea, kwa hiyo weka siku 120 kwenye kalenda yako. Neno la kuangalia ni "yaliyokamilika". Karatasi moja ikikosekana, jiji likakuandikia mapema kukwambia hivyo, hesabu haijaanza.

Katikati ya siku hizo kuna kikao cha hadhara. Tangazo hutoka gazetini angalau siku 10 kabla, na wenye viwanja vilivyo ndani ya futi 350 hupelekewa barua. Usingoje barua hiyo iwafikie kabla yako. Sisi mara ya pili tulizunguka mlango kwa mlango, wawili wawili, na sahani ya mandazi. Wengine hawakufungua. Waliofungua waliuliza swali moja tu: magari.

Na kikaoni ikawa hivyohivyo. Tulikuwa tumejiandaa kueleza mtaala, lugha, matokeo ya mitihani. Mzee mmoja mwenye kofia ya besiboli akaja kwenye kipaza sauti na picha aliyopiga mwenyewe saa moja na nusu asubuhi, gari lake likishindwa kutoka kwenye lango lake mwenyewe kwa sababu ya foleni ya mtaa ule, nasi hatujafungua bado. "Sina neno na shule," akasema, "nataka kujua gari la mia litasimama wapi." Hatukuwa na jibu, ila msanifu wetu alikuwa nalo: mchoro wa kiwanja wenye mstari unaozunguka nyuma ya jengo, magari yakipangwa ndani na wala si barabarani, mabasi yakiingia kwa mlango mwingine, na madarasa yakianza kwa kupishana dakika ishirini. Tume ya mipango ilitumia dakika nyingi zaidi kwenye mstari huo kuliko kwenye kitu kingine chochote. Kwa hiyo kama una pesa za kuandaa jambo moja tu vizuri kabla ya kikao, andaa foleni ya kushusha na kuchukua watoto.

Kibali kikitoka huja na masharti: idadi ya juu ya wanafunzi, saa, taa za maegesho, uzio wa uwanja wa kuchezea. Soma idadi kwa makini. Ukiomba watoto 120 kwa sababu ndio wa mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu utarudi kikaoni kuomba 200. Omba tangu mwanzo idadi ya shule iliyojaa, mradi mchoro wa magari unaibeba. Nakala ya kibali huandikishwa kaunti, na kibali hufuata kiwanja, si wewe. Kinaishi kadiri masharti yanavyoheshimiwa. Ndiyo maana nilisema uulize vibali vya zamani: tumewahi kuonyeshwa jengo lenye kibali cha shule cha miaka mingi nyuma ambacho dalali mwenyewe hakujua kipo.

Hatua ya tano: kibali cha ujenzi

Hapa pana mtego wa Minnesota. Kazi ya ujenzi au ukarabati wa shule ya chata ikifika dola 100,000 au zaidi, jengo linahesabiwa kuwa la umma, na michoro hupitiwa na Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo, isipokuwa jiji lako limekasimiwa madaraka hayo. Majiji mengine yanayo, mengine hayana. Uliza swali hili kwenye kile kikao cha mwanzo, kwa sababu kupeleka michoro ofisi isiyo yake ni wiki kadhaa zinazopotea bila mtu kukwambia. Na usijaribu kugawa kazi vipandevipande vya dola 90,000. Wameshaona.

Kibali cha ujenzi si kimoja. Mabomba yana chake, umeme chake, mfumo wa joto na hewa chake, kengele za moto na vinyunyizio vyake. Hata kibao cha jina la shule kule nje kinaombewa kibali, jambo lililomshangaza mwenyekiti wetu kuliko yote. Mkandarasi huomba vingi kati ya hivyo, lakini bodi ndiyo yenye tarehe ya kufungua, kwa hiyo mjumbe mmoja awe na daftari: kibali gani, kimeombwa lini, namba yake, nani anakikagua. Mkaguzi lazima aone mabomba na nyaya kabla ukuta haujafungwa. Fundi aliyefunga ukuta mapema ataufungua tena, kwa gharama ambayo mtaanza kubishana ni ya nani.

Hatua ya sita: asbesto, maji na jiko

Turudi kwenye vigae. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inataka kila jengo la shule, hata la kupanga, likaguliwe asbesto na mtu mwenye kibali cha kazi hiyo kabla ya kutumiwa kama shule. Baada ya hapo kuna mpango wa maandishi unaokaa ofisini, mtu aliyeteuliwa kuusimamia, uchunguzi kila miezi 6 na ukaguzi upya kila miaka 3, na wazazi hujulishwa kila mwaka. Jengo lililojengwa baada ya Oktoba 12, 1988 linaweza kusamehewa ukaguzi, lakini kwa taarifa iliyosainiwa na msanifu au mhandisi, si kwa neno la mwenye jengo. Kuwepo kwa asbesto hakuzuii shule. Kigae kizima kilichotulia kinaachwa na kuangaliwa. Kosa ni kuleta vijana wa kujitolea Jumamosi na nyundo wang'oe sakafu ili "kuokoa gharama". Msithubutu. Sisi tulikuwa tumeshawaalika.

Maji ya kunywa na ya kupikia katika shule za umma hupimwa madini ya risasi, angalau mara moja kila miaka 5, na inafaa kupima kabla ya kufungua wakati mabomba bado yako wazi.

Jiko tulilitazama kwa macho ya nyumbani, sufuria kubwa na kina mama wawili, na tukakosea. Kupika papo hapo kunataka michoro ya jiko ipitiwe na afya ya kaunti, ya jiji au ya jimbo, kulingana na mahali ulipo, kisha leseni, masinki ya kazi mbalimbali, kofia ya kuvuta moshi na meneja aliyesomea usalama wa chakula. Shule changa nyingi huanza kwa chakula kinacholetwa moto na mzabuni. Bado utahitaji leseni na sinki la kunawia mikono, lakini gharama ni nyingine kabisa. Wali na maharage ya kupikwa na kina mama vitasubiri mwaka wa tatu.

Hatua ya saba: zimamoto na cheti cha kutumia jengo

Kazi ikiisha wakaguzi wanarudi mmoja baada ya mwingine, na wa zimamoto huwa miongoni mwa wa mwisho. Anajaribu kengele, anasukuma kila mlango wa kutokea, anatazama kama korido ina makabati yaliyozidi. Kwenye jengo letu alikuta mlango mmoja unaosukumika vizuri kwa ndani lakini nje yake kuna benchi zuri lililotolewa na mzazi. Tulilihamisha mbele yake.

Wote wakisharidhika, jiji linatoa cheti cha kutumia jengo (certificate of occupancy). Mkenya aliyejenga nyumba ya kupangisha anakifahamu. Mtanzania jina lake la Kiingereza litamchanganya, maana kwao ni hati ya kiwanja. Huku ni karatasi inayosema jengo hili, kwa matumizi haya, linaweza kuwa na watu ndani. Soma kilichoandikwa kwenye matumizi. Cheti cha zamani cha ofisi ambacho mwenye jengo anakutolea kwenye droo kwa tabasamu hakikuhusu. Bila hiki, mwidhinishaji hatakuruhusu kufungua hata walimu wawe wamesimama mlangoni.

Kuna cha muda pia, jiji likiona yaliyobaki ni madogo, kama rangi ya mistari ya maegesho. Kinaokoa Septemba za wengi, lakini kina tarehe ya kufa. Iandike ukutani.

Weka angalau wiki nne kati ya siku mkandarasi anayoahidi kumaliza na siku ya watoto kuingia. Wakaguzi nao wana Agosti yenye shule nyingi.

Watoto wakishaingia, daftari lile la vibali linageuka kuwa kalenda: mazoezi 5 ya moto kwa mwaka wa shule, 5 ya kujifungia ndani na 1 la kimbunga, ukaguzi wa zimamoto wa kila miaka 3, ule wa asbesto wa miezi 6, leseni ya jiko ya kila mwaka. Letu linashikwa na yule mzazi aliyetoa benchi, ambalo sasa lipo chini ya mti, futi ishirini kutoka mlango wowote.